Libadilishwe au Lisibadilishwe? Mjadala wa Trekta la Mkopo Sikonge

Hoja ni hii. Mkulima wa Sikonge ana trekta dogo la farasi 30 alilolichukua kwa mkopo. Amebakiza malipo matano ya robo mwaka. Wakala wa chapa nyingine, mwenye duka Tabora mjini, amemwambia alilete lithaminiwe. Deni lililobaki atalifunga yeye wakala, na mkulima ataondoka na trekta jipya la farasi 50 bila kutoa hata shilingi mfukoni. Aende au asiende?

Sauti zinazofuata nimezipanga mimi, na fedha zinazotajwa ni za mfano, ili tupate cha kupigia hesabu. Yanayohusu historia, sheria na viwanda ni ya kweli. Upande wangu siufichi: naona mkulima huyu amekasirikia rangi ya trekta wakati ugomvi wake uko kwenye mambo mengine mawili, plau na mkataba. Lakini tumsikilize mwenyewe kwanza, maana hasira yake ina sababu.

MWENYE TREKTA: Nimechoka, jamani. Nilichukua trekta hili nikijua litanilimia tumbaku na mahindi yangu, kisha nilime na ya majirani kwa ekari, deni lijilipe lenyewe. Kwenye luseni, yaani mchanga, halina shida. Likishuka mbugani kwenye mpunga, linapiga magoti. Msimu uliopita klachi iliungua mwezi Novemba. Novemba! Mwezi ambao simu hailali, kila mtu anataka kulimiwa kabla mvua haijamzidi. Klachi ikatafutwa Tabora, hakuna. Mwanza, hakuna. Ikaja kwa basi kutoka Dar es Salaam. Siku 20 trekta limekaa juu ya magogo, na wenye chapa ile nyingine wanapita barabarani wananipigia honi. Tarehe ya malipo ilipofika, mkopeshaji hakuniuliza habari za klachi. Sasa mtu aniambie nang'ang'ania nini.

FUNDI: Mzee, klachi ile niliifungua mimi kwa mikono yangu. Gurudumu la injini lilikuwa limegeuka rangi, limekuwa bluu. Ile ni alama ya mguu uliokaa juu ya pedali kutwa nzima. Na sikukuficha wakati ule: umefunga plau la sahani tatu nyuma ya farasi 30. Plau hilo linataka farasi 60 na kuendelea. Ungefunga sahani mbili, tena ukabaki kwenye mchanga, klachi ile ingekuwa inafanya kazi mpaka leo. Trekta hili ulilipa kazi ya trekta lingine.

DEREVA: Fundi, shikamoo, lakini usinitupie mimi lawama yote. Shamba lile la tumbaku tulilifungua mwaka juzi tu. Limejaa visiki vya mtundu na muyombo. Unatembea hatua kumi, kisiki. Unakanyaga, unanyanyua plau, unalishusha, kisiki kingine. Mguu nitautoa saa ngapi?

Hapa pana jambo ambalo vijitabu vya wauzaji havilisemi, kwa kuwa viliandikwa kwa ajili ya mashamba ya nchi nyingine. Tumbaku ya Tabora ina desturi ya kuhama. Ardhi ya kichanga huchoka upesi, minyoo ya mizizi huongezeka pale zao linaporudiwa, basi mkulima hukata kipande kingine cha miombo. Kwa hiyo trekta la Sikonge kila baada ya miaka michache linaingia katika shamba lenye mizizi mibichi. Hakuna chapa inayokipenda kisiki. Farasi 50 ataking'oa kisiki ambacho farasi 30 angekwama nacho, ni kweli. Lakini farasi 50 pia huvunja kwa nguvu zaidi anaposhindwa kuking'oa. Mafundi wa wilaya hii wanaijua hesabu hiyo kwa idadi ya sahani zilizopasuka zinazoletwa kuchomelewa.

WAKALA: Wazee wangu, mama, habari za hapa. Mimi sikuja kumsema mtu vibaya. Trekta letu lina farasi 50, linavuta mbele na nyuma, mbugani halitapiga magoti. Duka letu la vipuri liko Tabora, kilomita zipatazo 70 kutoka hapa, lami mtindo mmoja. Likikwama unapiga simu, fundi wetu anapanda pikipiki. Na kuhusu fedha mzee asiwe na wasiwasi, la zamani tunalichukua sisi.

FUNDI: Vizuri. Nisomee orodha ya vipuri vilivyopo dukani leo. Leo, sisemi vinavyoweza kuagizwa.

WAKALA: Filta zote zipo. Oili ipo. Mikanda ipo, taa zipo, betri zipo.

FUNDI: Sahani ya klachi?

WAKALA: Hiyo tunaagiza Dar es Salaam. Siku tatu, nne.

FUNDI: Nozeli? Sili za pampu ya haidroliki? Beringi za mhimili wa mbele?

WAKALA: Vivyo hivyo, tunaagiza.

FUNDI: Basi kilomita 70 zako ni za filta. Klachi yako na klachi ya mzee zote zinapanda basi moja kutoka Dar.

Fundi ameuliza swali ambalo kila mnunuzi angepaswa kwenda nalo dukani akiwa ameliandika kwenye karatasi. Trekta halisimami shambani kwa kukosa filta. Linasimama kwa kukosa kile kitu kimoja kinachouzwa mara chache, ambacho kwa sababu hiyo muuzaji hapendi kulaza fedha zake kwacho. Dizeli nayo haichagui chapa: inayouzwa kwenye vidumu vijijini, ikiwa na maji ndani, itaua nozeli za trekta jekundu kama inavyoua za trekta la bluu.

Na hizo chapa zenyewe, tunazozibishania kama Simba na Yanga, ni za nani? Swaraj ilikuwa ya Punjab Tractors ya India. Mahindra wakainunua kampuni hiyo mwaka 2007, kwa hiyo anayeikimbia Swaraj akaenda Mahindra amehama chumba, mwenye nyumba ni yule yule. Farmtrac ni ya Escorts, ambayo tangu mwaka 2022 inaongozwa na Kubota ya Japani na jina limekuwa Escorts Kubota. Trekta za Ford ziliingia mikononi mwa Fiat mwaka 1991, na ukoo huo ndio leo unaitwa New Holland. Massey Ferguson nyingi tunazoziona barabarani hazikutoka Uingereza. Nyingine zimeundwa India na TAFE, nyingine Pakistani na Millat, na kwa kuwa muundo wake ni wa zamani na umenakiliwa sana, vipuri vyake hupatikana hata kwenye maduka yasiyo na kibao cha Massey. Hilo la mwisho ndilo lenye faida kwa mkulima. Bendera iliyochorwa ubavuni haina faida hiyo.

MWALIMU MSTAAFU: Naomba niseme kidogo, maana mnazungumza kana kwamba jambo hili limeanza mwaka huu. Urambo hapo jirani, mwaka 1947, Waingereza walileta mradi wa karanga. Maeneo yalikuwa matatu: Kongwa, Nachingwea, na Urambo yetu. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imemaliza viwanda, trekta mpya hazipatikani, wakanunua trekta chakavu za jeshi la Marekani zilizoachwa Ufilipino. Wakageuza hata vifaru vya Sherman kuwa trekta, wakaviita Shervick. Chapa mchanganyiko, vipuri mchanganyiko, madereva wanafundishwa papo hapo. Nyingi ziliharibika ndani ya mwaka wa kwanza. Kufika 1951 serikali ya Uingereza ilikuwa imenyoosha mikono, mamilioni ya pauni yamekwenda. Urambo ikageuka nchi ya tumbaku.

DEREVA: Mwalimu, hiyo ni habari ya wakoloni na vifaru.

MWALIMU MSTAAFU: Haya, chukua yetu. Kibaha, miaka ya 1980, tulikuwa tunaunganisha trekta za Valmet kutoka Finland. Leo kamtafute mtu mwenye kipuri chake. Mwaka 2009 ikaja Kilimo Kwanza, na baada yake SUMA JKT ikaleta matrekta ya Farmtrac na New Holland kwa mkopo wa India wa dola milioni 40. Matrekta yalifika, watu wakayachukua kwa mkopo, kisha shirika likahangaika miaka na miaka kudai madeni. Mwaka 2015 Shirika la Maendeleo la Taifa likaingia mkataba na Ursus ya Poland: matrekta 2,400, mkopo wa dola milioni 55, yaunganishwe pale pale Kibaha. Yalikuwa mazuri kuyatazama. Malalamiko ya hitilafu na vipuri yakaanza, na mwaka 2021 Ursus yenyewe, kule Poland, ikatangazwa kufilisika. Mkulima aliyenunua Ursus hakufanya kosa lolote. Aliamka asubuhi akakuta mwenye chapa hayupo.

MWENYE TREKTA: Sasa Mwalimu unaniambia nini? Nisinunue trekta kabisa?

MFUGAJI: Mimi nilikuwa nimenyamaza tu. Maksai wangu wanne hawana riba, na klachi yao ni kiboko.

(Wanacheka. Lakini mfugaji huyu, aliyeshuka na ng'ombe wake kutoka Usukumani, ana mtu mkubwa upande wake: Mwalimu Nyerere alisema mara nyingi kwamba nchi ya jembe la mkono ingeanza na plau la ng'ombe kabla ya kulifikiria trekta. Nalitaja kwa heshima na kupita. Mkulima wetu ameshavuka daraja hilo, na deni lake haliondoki kwa kurudi kwenye maksai.)

MWALIMU MSTAAFU: Sikukatazi kununua. Nakuambia uiangalie chapa kwa jicho la miaka kumi. Nani atakuwa Tabora mwaka wa nane, ukihitaji gia? Na jambo la pili, la mkopo. Hapa petu ni njia ya msafara, mali kauli si kitu kigeni. Wafanyabiashara waliotoka pwani kuja Unyanyembe na kuendelea Ujiji walibeba nguo na shanga za kukopa kwa matajiri wa Kihindi wa Unguja. Tippu Tip, mmoja wa wafanyabiashara hao, ambaye baba yake alikaa hapa Tabora na kumwoa Karunde binti wa mtemi Fundikira, alianza na mali ya wakopeshaji wengi wadogo. Baada ya kumshinda mtawala Nsama na kurudi pwani na pembe nyingi, ndipo Taria Topan, mmoja wa matajiri hao wa Kihindi, akamfungulia ghala. Sitaki mwige kazi yake, ilikuwa na damu za watu. Nataka mwone mpangilio: pembe zilifika kwanza, mkopo mkubwa ukafuata.

WAKALA: Lakini Mwalimu, hata huyo alikopa tena kabla hajazeeka! Biashara haikui kwa kuogopa deni. Mzee akibaki na farasi 30, mbuga yote ya hapa italimwa na wengine.

Wakala amesema kweli kwa nusu, na nusu hiyo ni nzito. Mkulima mwenye mpunga mwingi mbugani anahitaji trekta zito linalovuta magurudumu yote manne. Kumwambia avumilie ni kumwambia asilime. Kama mashamba ya huyu bwana yangekuwa nusu mbuga, mjadala huu ningeuandika kwa namna nyingine. Ila alichotueleza mwenyewe ni tumbaku na mahindi, yaani mchanga, na mbuga anaifuata kwa ajili ya fedha za majirani.

Tumfikie sasa mtu ambaye hakuulizwa kitu tangu mwanzo.

MKE: Baba watoto, naomba niongee na mgeni. Baba, karibu tena. Trekta lenu jipya bei gani?

WAKALA: Milioni 50, mama, pamoja na plau.

MKE: Deni letu tukilifunga leo ni kiasi gani?

WAKALA: Yamebaki malipo matano ya milioni 2.4, ambayo ni milioni 12. Mkifunga leo, riba ya mbele inaondoka, mnaongezewa gharama ndogo ya kuvunja mkataba, inakuja kama milioni 11.

MKE: Na trekta letu mmelithamini?

WAKALA: Milioni 7. Soko la mitumba lenyewe mnalijua.

MKE: Mnalinunua kwa 7, mnalilipia deni la 11. Ile milioni 4 anaitoa nani? Wewe?

WAKALA: Inaingia kwenye mkataba mpya, mama. Hamtoi kitu mfukoni.

MKE: Yaani tutakuwa tunalipia milioni 4 za trekta ambalo limeshaondoka nyumbani, na riba juu yake, kwa muda gani?

WAKALA: Miaka mitano.

Ningeweza kuishia hapa. Maneno "hutoi hata shilingi" yana ukweli wa siku moja tu, siku ya kusaini. Karani wa chama cha ushirika, AMCOS, ambaye kazi yake ni kuwakata watu madeni kwenye malipo ya tumbaku, alikuwa ameshatoa kalamu.

KARANI: Milioni 50 na 4 ni 54. Riba tuseme asilimia 18 kwa mwaka, kwa salio linalopungua, malipo 20 ya robo mwaka. Kila robo ni milioni 4.15. Jumla ya yote, milioni 83. Ukibaki na lako, unalipa milioni 12, baada ya robo tano kadi ya trekta inakuja na jina lako.

MWENYE TREKTA: Lakini farasi 50 atalima ekari nyingi kuliko 30. Hesabu hiyo hukuiweka.

KARANI: Naiweka. Tuseme ekari moja, ukitoa dizeli, dereva na matengenezo, inakubakishia 25,000. Lako linalima ekari 5 kwa siku. Msimu wa kulima tuseme siku 75. Ni ekari 375, milioni 9.4. Deni lako la mwaka ni milioni 9.6. Umekosa kidogo, tela inajazia: marobota, kuni, matofali. Trekta jipya linalima ekari 8 kwa siku, siku 75, ekari 600. Ni milioni 15. Deni lake la mwaka ni milioni 16.6. Umekosa milioni 1.6, na hapo hakuna kitu kilichovunjika, hakuna mvua iliyochelewa, na kila siku kuna mteja anayekungoja mwenye fedha mkononi.

DEREVA: Karani, umesahau siku 20 za klachi. Mwaka jana hatukulima siku 75, tulilima 55. Hiyo ni milioni 6.9 tu. Na hilo jipya lina garantii. Likiharibika, wanatengeneza wao.

Kijana amejenga hoja bora kuliko ya wakala, na nilikuwa naingoja. Siku zilizopotea ndizo gharama ya kweli ya trekta bovu, na watu wengi hawaziandiki popote. Siku 20 kwa ekari 5 kwa shilingi 25,000 ni milioni 2.5, zaidi ya malipo ya robo nzima. Kama chapa hii italeta siku 20 za kukaa kila Novemba, basi kulibakisha ni ukaidi.

Lakini tazama dawa yake ni bei gani. Klachi ikinunuliwa mwezi Agosti, ikafungwa kwenye gunia na kuwekwa uvunguni, zile siku 20 zinakuwa mbili. Garantii inalipa kipuri na kazi ya fundi. Sijaona inayolipa ekari zilizokwenda kwa jirani wakati kipuri kiko njiani. Nayo pia ina masharti: huduma ya kwanza kwenye saa 50, nyingine kwa wakati wake, kwa fundi wao na kwa oili yao. Dereva aliyezoea kuweka mguu juu ya klachi atakuta sharti lake limeandikwa mle ndani, kwa herufi ndogo.

MKE: Mimi bado sijamaliza. Ule mkopo wa kwanza, dhamana ilikuwa nini?

MWENYE TREKTA: Trekta lenyewe. Kadi ina jina lao mpaka tumalize.

MKE: Na huu mpya?

WAKALA: Kwa sababu deni limezidi kidogo thamani ya trekta, benki itaomba dhamana ya nyongeza. Kitu kidogo tu. Hati ya nyumba.

Kimya.

Sheria ya Ukodishaji wa Fedha ya mwaka 2008 ndiyo iliyofungua njia ya mkataba wa aina ya kwanza: mkopeshaji anabaki mmiliki wa chombo, wewe unakitumia na kulipa, na mwisho kinakuwa chako. Kampuni kama EFTA na PASS Leasing zimesimama juu ya mfumo huo, na faida yake kwa mtu wa kijijini ni kubwa kuliko tofauti ya riba: ukishindwa, wanachukua trekta. Inauma, ila usiku unalala ndani ya nyumba yako. Kubadilisha trekta katikati ya deni kunaweza kukuondoa kwenye mkataba wa aina hiyo na kukuingiza kwenye mwingine ambao kisiki kimoja shambani kina njia ya kufika mpaka sebuleni. Hilo halikuwa kwenye maneno ya mwanzo ya wakala. Hakusema uongo, hakuna aliyemuuliza.

MKE: Nyumba ile tulijenga wote, kwa tumbaku ya miaka miwili niliyochambua kwa mikono hii. Haiwekwi rehani bila sahihi yangu.

Na sheria iko upande wake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 zote zinataka ridhaa ya mwenzi kabla ya nyumba ya ndoa kuwekwa rehani. Benki yenye umakini itamwita mama huyu ofisini, na isipomwita ajue kuwa ana haki ya kwenda mwenyewe.

MWENYE TREKTA: Kwa hiyo nikae na trekta bovu kwa sababu ya karatasi?

FUNDI: Mzee, trekta si bovu. Nipe siku nzima moja. Nitalitoa plau la sahani tatu, tutafute la sahani mbili, hata la mtumba. Tutajaza maji kwenye matairi ya nyuma lipate uzito, tuweke vyuma mbele. Tutabadilisha filta za dizeli, na wewe ununue chujio la kuwekea mafuta. Kijana huyu nikae naye shambani asubuhi moja nimfundishe kutoa mguu. Visiki vikubwa wang'oe vijana kwa sululu kabla ya trekta kuingia, ni rahisi kuliko sahani. Mbugani usiende. Waachie wenye farasi 50 na madeni yao.

KARANI: Na mimi nina neno la mkopeshaji. Malipo yako yamepangwa Machi, Juni, Septemba, Desemba. Machi tumbaku ina nini? Iko banini inakaushwa au ndiyo inatoka shambani, soko halijafunguka. Desemba umemwaga kila shilingi kwenye mbolea na vibarua. Kila mwaka unalipa Machi kwa kukopa kwa mtu mwingine. Nenda kwao kabla hujachelewa, uwaombe malipo makubwa yawe miezi ya masoko, madogo miezi ya njaa. Nenda na karatasi zako za mauzo ya tumbaku za misimu iliyopita. Ukienda hujakosa hata rejesho moja wanakusikiliza. Ukienda baada ya kukosa mawili, wanakuja wao.

WAKALA: Na mimi nitakuwa nimepoteza mteja.

MWALIMU MSTAAFU: Hapana, kijana. Umempata, ila ni wa mwakani.

Mwalimu amesema vyema. Baada ya robo tano trekta hili litakuwa mali ya mkulima. Hata likithaminiwa milioni 5 siku hiyo, zitakuwa milioni 5 zake, zinazoingia kwenye trekta jipya kama malipo ya awali. Leo ni milioni 7 zinazomezwa na deni la 11. Wakati huo atachagua chapa akiwa amesimama. Wakala naye apewe kazi mpaka siku hiyo: aweke sahani mbili za klachi na seti ya nozeli kwenye rafu za Tabora, bei zikiwa zimebandikwa. Mwaka mmoja unatosha kumjua muuzaji kwa rafu zake.

Uamuzi wangu, basi: asibadilishe. Asibadilishe msimu huu, wala katikati ya deni, wala kwa dhamana ya nyumba. Plau libadilishwe wiki hii, klachi ya akiba inunuliwe kabla ya Septemba, na safari ya kwanza ya Tabora iwe ya kwenda kwa mkopeshaji kuomba kalenda mpya. Ningempa ruhusa ya kubadilisha leo katika hali moja tu: kama trekta lingekuwa haliwezi kabisa kazi ya mashamba yake mwenyewe, hata likifungwa plau sahihi, na kama ile milioni 4 ingelipwa taslimu badala ya kupandikizwa kwenye mkataba mpya.

Kwenu wakopeshaji na mawakala mnaokuja Sikonge kila baada ya masoko ya tumbaku: mikataba yenu mingi bado imeandikwa kwa Kiingereza, na jumla ya fedha zote mtu atakazolipa imefichwa kurasa za ndani, kama ipo. Iandikeni kwa Kiswahili, ukurasa wa kwanza, kwa tarakimu kubwa, pamoja na dhamana mnayoitaka. Na mwenzi wa mkulima aketi mezani tangu siku ya kwanza ya mazungumzo, asiitwe siku ya sahihi.